Nani Aliziita Seli Hizi? Mjadala wa Shimanzi

Shimanzi si mahali ambapo mtu angetarajia mjadala wa elimu ya kinga ya mwili. Ni upande wa kisiwa cha Mombasa wenye matangi ya mafuta, magodauni ya chai na nafaka, matrela yanayojikokota kuelekea Makupa, na vumbi lisilojua msimu. Lakini kifua huzungumzwa sana hapa. Kikohozi kikipita wiki mbili, jirani huwa ameshautaja ugonjwa kabla mgonjwa hajafika kwa daktari, na jina analolitaja ni moja tu.

Nimewakalisha kwenye benchi moja watu wanne ambao kwa kawaida hukutana wawili wawili, tena kwa haraka: Karani mstaafu aliyehesabu mizigo kwenye magodauni, Sista wa kliniki ya kifua kikuu, Daktari wa magonjwa ya kifua, na Mwanamaabara, binti anayesomea shahada ya pili katika elimu ya kinga. Watu hawa nimewabuni. Hoja wanazogombania sikuzibuni.

KARANI: Nianze mimi, maana mgonjwa ni wangu. Mpwa wangu alikohoa, akakonda, macho yakawa mekundu. Picha ya kifua ikaonyesha tezi zimevimba penye shina la kila pafu. Makohozi yakapimwa, hakuna kitu. Akapewa dawa za TB miezi sita, akazimaliza zote. Picha ya pili ikaonyesha tezi ziko palepale. Akaanzishiwa upya! Mpaka alipokatwa kinyama cha kupimwa ndipo tukaambiwa si TB, ni sakoidosisi. Sasa Bwana Daktari, nieleze. Ugonjwa usio na mdudu watoka wapi?

DAKTARI: Swali hilo, Mzee, lina karibu miaka mia na hamsini. Jonathan Hutchinson aliuandika London mwaka 1877, Caesar Boeck wa Norway akaelezea vivimbe vyake vya ngozi mwaka 1899 na kuviita kwa neno lililozaa jina la leo. Hadi sasa hakuna aliyesimama akasema chanzo ni hiki, wenzake wote wakanyamaza. Tukitazama kwa hadubini tunaona granuloma, yaani seli za kinga zilizojikusanya zikawa kifundo. Kifundo cha TB mara nyingi huoza katikati. Cha sakoidosisi kwa kawaida hakiozi, na bakteria tukimtafuta ndani yake hatumpati.

SISTA: "Mara nyingi", "kwa kawaida". Hayo ndiyo maneno ninayopambana nayo kila asubuhi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba kati ya kila Wakenya watu wazima 100,000, 558 wana TB iliyothibitishwa maabara. Katika nchi ya namna hiyo, mtu akija na tezi za kifua na jasho la usiku, simwambii arudi nyumbani nikafikiri. Anaanza dawa.

KARANI: Hata makohozi yakiwa safi?

SISTA: Hata yakiwa safi. TB iliyojificha ndani ya tezi haina lazima ya kutoka na makohozi. GeneXpert ni mashine nzuri, lakini husoma kile ulichoilisha.

MWANAMAABARA: Hapo ndipo ninapotofautiana nanyi. Sote tunamtafuta mdudu, tukimkosa tunamtafuta tena. Kwa nini tusizihoji seli zilizokusanyika? Zina habari. Mzee, CD4 waijua?

KARANI: Mkenya gani asiyeijua? Miaka ya ukimwi mtu alikuwa akiijua CD4 yake kuliko nambari ya simu.

MWANAMAABARA: Ndizo hizo. Seli za CD4 ni kabila moja la seli T, na ndizo zinazojaa kwenye mapafu ya mgonjwa wa sakoidosisi huku damuni zikipungua. Kila seli T hubeba kipokezi chake. Kipokezi hicho kina minyororo miwili, alfa na beta, na kila mnyororo umeungwa kwa vipande vya jeni vilivyokatwa na kuunganishwa kibahati. Tonegawa alipewa Nobel mwaka 1987 kwa kuonyesha ukataji wa aina hiyo katika jeni za kingamwili. Jeni za kipokezi cha seli T zilipatikana mwaka 1984. Michanganyiko inayowezekana ni mingi kuliko seli zote ulizo nazo mwilini.

DAKTARI: Na mingi katika hiyo haifai kitu.

MWANAMAABARA: Mingine ni ya hatari. Kwa hiyo seli changa hupitishwa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Kipokezi hakimwoni mdudu mzima. Husoma kipande kifupi cha protini, peptidi, kikiwa kimeshikwa na molekuli ya HLA ya mwenye mwili. Zinkernagel na Doherty waliligundua jambo hilo kwa panya, Canberra, mwaka 1974. Basi seli isiyoweza kabisa kuisoma HLA yako hufa hukohuko. Inayoshikamana mno na vitu vyako mwenyewe nayo huuawa, au hugeuzwa kuwa seli ya kutuliza wenzake, hizo ambazo ugunduzi wake ulipewa Nobel ya mwaka 2025. Zinazotoka salama hazifiki 5 katika 100.

DAKTARI: Hayo ni ya darasani, dada. Mpwa wa Mzee yuko wapi humo?

MWANAMAABARA: Yuko kwenye mchujo wa pili, wa mapafuni. Seli zilizofaulu thaimasi huzunguka mwilini zikiwa za kila namna, kila moja na kipokezi chake. Ile inayokutana na peptidi yake huzaana. Sasa ukiingiza bronkoskopi, mrija wa kutazama ndani ya mapafu, ukaosha kipande cha pafu kwa maji ya chumvi, ukahesabu vipokezi vya seli ulizozipata, utaona kama kuna ukoo mmoja uliozidi wenzake.

KARANI: Hilo nalielewa, mwanangu, kuliko unavyodhani. Nimekaa getini miaka. Siku za kawaida malori yalipita mchanganyiko, la chai, la ngano, la saruji. Ukiamka siku moja ukaona katika kila kumi, manne ni matangi ya aina moja, huhitaji kwenda gatini. Kuna meli imefunga, na shehena yake ni moja.

MWANAMAABARA: Shehena hujaiona, lakini wajua ipo. Ndivyo David Moller na wenzake walivyofanya Marekani mwaka 1988. Walikuta kikundi cha wagonjwa wa sakoidosisi ambao seli zao T zimeegemea familia moja ya mnyororo wa beta, Vβ8. Mwaka 1992 Johan Grunewald na wenzake wa Karolinska, Stockholm, wakatoa mfano ulio wazi zaidi. Wagonjwa wao walikuwa na mapafu yaliyojaa seli za CD4 zenye mnyororo wa alfa uitwao wakati ule Vα2.3, siku hizi TRAV12-1. Damu za wagonjwa walewale hazikuwa na msongamano huo. Na waliokuwa nao walishirikiana HLA moja, ile ya DRB1*03.

DAKTARI: HLA moja! Basi umejijibu. Huo ni mchujo wa thaimasi. HLA ya aina hiyo hupendelea vipokezi vya aina hiyo, na mambo yakaishia hapo.

MWANAMAABARA: Ingekuwa ni thaimasi peke yake, damu nayo ingejaa, maana thaimasi hailetei mapafu tu. Na mtu mzima wa afya mwenye HLA hiyohiyo angekuwa na mapafu yaliyojaa. Hana. Tena mgonjwa akipona, seli hizo hupungua. Thaimasi iliruhusu, kilichochagua kilikuwa mapafuni.

Nakatiza kama mwandishi, kwa sababu hapa ndipo makala nyingi za afya huteleza. Zikisema "seli huchujwa" hazituambii ni wapi. Mchujo wa thaimasi huamua ni vipokezi gani vitakuwapo mjini. Mchujo wa kiungoni huamua ni vipi kati ya hivyo vitaongezeka. Wa kwanza wautegemea urithi wa HLA, wa pili wautegemea urithi pamoja na kile kilichovutwa kwa pumzi. Daktari hakuwa na makosa kuutaja wa kwanza. Alikosea kuufanya uwe wote.

SISTA: Na hao Waswidi walipona?

DAKTARI: Wengi wao, ndiyo. Ni sakoidosisi ya ghafla, huitwa kwa jina la Sven Löfgren: homa, vifundo vya miguu kuvimba, mabaka mekundu yenye maumivu kwenye muundi wa mguu, tezi pande zote mbili za kifua. Karolinska waliwafuatilia. Wenye DRB1*03, 95 katika kila 100 walipona ndani ya miaka miwili. Wasiokuwa nayo, 49 tu.

SISTA: Sasa mwanichanganya. Seli zimejaa mapafuni, mwasema ndiyo alama ya ugonjwa. Halafu waliojaa ndio wanaopona. Hizo seli ni wezi au ni polisi?

MWANAMAABARA: Swali zuri, Sista, na mimi nashuku ni polisi. Huenda zinakitambua kitu kile barabara, zinakimaliza, zinatawanyika. Asiye na HLA ya kukishika vizuri hubaki na vita visivyoisha, na kovu la mapafu. Lakini hiyo ni dhana yangu, usiiandike kwenye faili la mgonjwa.

KARANI: Mimi nataka jina la shehena.

MWANAMAABARA: Majina yako matatu, Mzee, na hiyo ndiyo shida. Mwaka 2005 kikundi cha Moller kilitoa jina la kwanza. Walichukua vinyama vya wagonjwa, wakatafuta protini sugu zisizoyeyuka. Katika 5 kati ya vinyama 9 wakakuta protini ya bakteria wa jamii ya TB, iitwayo KatG. Katika vinyama 14 vya kulinganisha haikuwamo hata kimoja.

SISTA: KatG? Hiyo naijua!

DAKTARI: Waijua vipi?

SISTA: Daktari, hiyo imo kwenye ripoti za dawa sugu. Majibu yakija yameandikwa kuna badiliko la katG, najua isoniazidi haitamfaa mgonjwa, maana bakteria ndiye anayeiamsha dawa kwa protini hiyo. Ikiharibika, dawa hubaki imelala. Kumbe ndiyo hiyo mwaitafuta kwenye ugonjwa usio na bakteria?

MWANAMAABARA: Ndiyo hiyo. Hoja ni kwamba bakteria alishakufa zamani, akaacha gamba lisiloyeyuka, na seli T zinaendelea kuligombea. Dawa ya kuua haimsaidii mtu ambaye adui wake ni maiti.

DAKTARI: Na Wamarekani walilijaribu hilo. Wonder Drake wa Vanderbilt na wenzake waliwapa wagonjwa wa sakoidosisi dawa nne kwa pamoja, levofloksasini, ethambutoli, azithromaisini na rifampini, wakalinganisha na waliopewa vidonge vitupu. Jaribio la CLEAR. Pumzi za waliotumia dawa hazikuwashinda wenzao. Mpwa wa Mzee alifanyiwa jaribio hilohilo hapa Mombasa, bila kuombwa ruhusa.

Kicheko. Karani hakucheka.

KARANI: Jina la pili?

MWANAMAABARA: Kuvu. Mwaka 2021 watafiti wa Colorado pamoja na Karolinska walikichukua kile kipokezi cha TRAV12-1, wakakioanisha na mnyororo wake wa beta, wakakijaribisha juu ya peptidi nyingi. Kilichowaka ni kipande cha protini ya Aspergillus nidulans, aina ya kuvu.

KARANI: Haya! Na mimi je? Sisi tumevuta ukungu wa mahindi na magunia mabichi maisha yetu yote. Bohari zikifunguliwa baada ya masika, ile harufu ya kwanza yakukaba roho. Utafiti hauhitaji kwenda Colorado, yakhe, uje hapa kwenye godauni.

DAKTARI: Uchunguzi wa Marekani ulioitwa ACCESS, uliokusanya wagonjwa 736, nao ulikuta uhusiano na kazi zenye ukungu. Lakini tusikimbie, Mzee. Spora za Aspergillus ziko kila mahali duniani, Stockholm na Shimanzi. Kama kuvuta spora kungetosha, wapakiaji wote wa bandari wangekuwa kwenye kliniki yangu.

MWANAMAABARA: Na jina la tatu si la mgeni. Ni vimentini, protini ya mwili wenyewe. Mwaka 2007 Karolinska waliitoa kwenye HLA za seli za mapafuni za wagonjwa. Kwa hiyo shehena yaweza kuwa ya bakteria, ya kuvu, au ya mwenye nyumba. Yaweza pia kuwa zaidi ya moja, kwa watu tofauti.

DAKTARI: Wala usisahau Salem. Miaka ya arubaini, wafanyakazi wa viwanda vya taa za mirija huko Massachusetts walipata ugonjwa ulioitwa sakoidosisi ya Salem. Harriet Hardy na Tabershaw waliuandika mwaka 1946. Kumbe ilikuwa madini ya berili. Baadaye, mwaka 1993, ikajulikana kwamba wanaodhurika sana wana HLA ya DP yenye badiliko moja mahali pa 69, ambapo chuma hicho hunasa. Chuma, si bakteria! Siku chanzo kilipojulikana, wagonjwa wale waliondolewa kwenye orodha ya sakoidosisi. Nahofu ugonjwa huu ni jina tunaloliweka juu ya kabati la vitu tusivyovijua.

Hilo la Salem ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa kwenye benchi hilo, na Daktari alilisema kama anayepita njia. Ikiwa kila sababu inayopatikana huwatoa wagonjwa wake ndani ya jina, basi anayetafuta "chanzo cha sakoidosisi" kwa umoja anatafuta kisichokuwapo. Vipokezi vya seli T ni njia ya kuwagawa wagonjwa kwa kile walichokutana nacho, badala ya kwa picha ya kifua.

SISTA: Haya, mimi niko kwenye kliniki yangu. Mgonjwa ana tezi. Mwanamaabara ananiambia seli zake zimeitambua KatG. Je, nimpe dawa za TB au steroidi?

MWANAMAABARA: Kwa Stockholm ningekuwa na...

SISTA: Sikuulizi kwa Stockholm.

MWANAMAABARA: Najua. Kwa hapa, kipimo hicho peke yake hakikuambii kitu.

DAKTARI: Asante.

MWANAMAABARA: Sijamaliza, Daktari. Hakikuambii kitu kwa sababu karibu kila mtu hapa alichanjwa BCG akiwa mchanga, na wengi wamevuta TB bila kuugua. Seli zao T zinaijua jamii ya bakteria hao kabla ya ugonjwa wowote. Hata utafiti ule wa 2005, watu wasio wagonjwa waliokuwa na Mantoux, kile kipimo cha TB cha ngozi ya mkono, chanya, baadhi yao walikuwa na kingamwili dhidi ya KatG. Ushahidi uliong'aa Marekani, penye watu wachache waliokutana na TB, huku hufifia. Lakini igeuzeni hoja. Kama ni kweli kwamba mabaki ya bakteria wa TB ndiyo yanayozaa sakoidosisi, hakuna pa kuijaribu dhana hiyo vizuri kama Mombasa. Hapa ndipo mabaki hayo yalipo vifuani mwa maelfu. Kwa nini hawaugui wote? Na wanaougua, vipokezi vyao vina tofauti gani na vya majirani zao waliovuta bakteria yuleyule?

DAKTARI: Wajenga kiwanda juu ya ugonjwa ambao hatuuoni.

MWANAMAABARA: Hatuuoni au hatuutafuti? Detroit, mwaka 1997, walikuta wagonjwa wapya kwa mwaka 35.5 katika kila Wamarekani weusi 100,000, na 10.9 kwa weupe. Bernie Mac, yule mchekeshaji aliyefariki 2008, alikuwa nao. Mababu za watu wale walitoka bara hili. Ni vigumu kuamini kwamba ugonjwa uliwangoja wavuke bahari.

DAKTARI: Walitoka zaidi magharibi na kati ya Afrika, na maisha ya Detroit si maisha ya Makupa. Lakini nakubali nusu. Bila bronkoskopi na bila kinyama, kila granuloma ya hapa itaitwa TB. Na ukiwa na kinyama, bado huna uhakika.

SISTA: Mantoux je? Sisi tulifundishwa kwamba mgonjwa wa sakoidosisi mkono wake haujibu.

DAKTARI: Ni kweli, mara nyingi haujibu, ingawa mapafu yanawaka. Mtu aliyekulia mtaa wa Kaa Chonjo, ana BCG, aliishi chumba kimoja na mgonjwa wa TB, halafu Mantoux yake ni bapa kabisa na tezi zimevimba pande zote mbili sawasawa: hapo nyusi zangu hupanda. Lakini HIV nayo huulaza mkono, na TB kali vilevile.

MWANAMAABARA: Na Kampala wameonyesha kwamba mkono uliolala si lazima uwe wa mtu asiyeijua TB. Waliwafuatilia watu walioishi nyumba moja na wagonjwa, miaka kadhaa, vipimo vyote vya kawaida vikibaki hasi. Mwaka 2019 ikachapishwa kwamba watu hao wana kingamwili na seli T zinazoitambua TB, ila hazijibu kwa njia ambayo vipimo vyetu huitegemea. Hilo limefanywa Uganda, Daktari, si Uswidi. Na mwaka 2017 wa Stanford walitoa mbinu ya GLIPH, ya kuvipanga vipokezi kwa kile vinachokitambua: watu 22 wenye TB fiche, minyororo ya beta 5,711, na vikundi 16 vilivyoshirikiwa na zaidi ya mtu mmoja. Siku moja utaosha pafu, utasoma vipokezi, utajua kama umati ule umekuja kwa TB hai au kwa kitu kingine.

SISTA: Siku moja.

KARANI: Swali langu jingine. Hizo HLA za Waswidi. Sisi wa hapa tunazo?

DAKTARI: Mzee, hapo unafungua sanduku. DRB1*03 ya Waswidi ni tawi la 01. Afrika lipo sana tawi la 02, linalotofautiana nalo kwa amino asidi chache. Chache hizo zaweza kutosha kubadilisha peptidi inayoshikwa. Na katika ACCESS, HLA iliyojitokeza kwa weusi na weupe ilikuwa DRB1*11:01, si ile ya Löfgren.

KARANI: Mimi bibi yangu Mdigo, babu yasemekana katoka Shihr kule Yemeni. Nitakuwa na tawi gani?

MWANAMAABARA: Pengine yote mawili. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na jirani zake, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko, kati ya mwaka 1250 na 1800. Ukoo wa kike ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, wa kiume una Asia ndani yake, hasa Uajemi. Mseto wa HLA za pwani haufanani na wa Nairobi wala wa Stockholm.

KARANI: Wallahi hayo mkiyasema Mji wa Kale kesho hamtalala.

MWANAMAABARA: Sisemi habari ya nani ni nani. Nasema orodha ya HLA iliyoandikwa kwingine haiwezi kuwa orodha yetu mpaka tupimwe.

DAKTARI: Na mimi nasema mpaka hapo tusicheze na steroidi. Ukimpa prednisoloni mtu ambaye kwa kweli ana TB, umemfungulia bakteria mlango. Dawa za kuzuia TNF, molekuli ya ishara za kinga, ni mbaya zaidi. Mwaka 2001 iliripotiwa jinsi mojawapo, infliksimabu, ilivyofuatwa na TB kwa wagonjwa 70, kwa sababu TNF ndiyo inayokishikilia kifundo kisibomoke. Kosa la Sista, la kumpa mpwa wako dawa za TB asizozihitaji, ni kosa la miezi sita na ini kuchoka. Kosa langu laweza kuwa la mazishi.

SISTA: Kosa langu?

DAKTARI: La mfumo, Sista. Nisamehe.

SISTA: Mara ya kwanza sikatai, nitairudia kesho. Mara ya pili ndiyo kosa. Mtu amemaliza dawa zote, nimemwona akizimeza, hajapona hata kidogo wala hajazidiwa, vipimo vyote hasi. Hapo ni pa kuomba kinyama. Kuanza upya ni uvivu wa fikra. Hilo halihitaji kusoma kipokezi hata kimoja.

Nakiri kwamba Sista amenishawishi kuliko wasomi wawili. Elimu ya vipokezi haitafika kliniki yake kesho, wala haina haja ya kufika ili tiba ya pili ya kubahatisha ikome. Lakini sikubaliani naye kwamba basi tuiache. Kila pafu linalooshwa Mombasa kwa ajili ya uchunguzi wa TB hutoa maji yenye seli ambazo hakuna aliyezisoma, na yakishapimwa bakteria humwagwa.

MWANAMAABARA: Ndicho ninachokiomba, Daktari. Mabaki ya maji hayo. Kilifi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka hapa, watafiti wamekuwa wakisoma kinga ya malaria tangu 1989. Kuigandisha seli na kusoma jeni zake si uchawi tena pwani hii.

DAKTARI: Maji ni ya mgonjwa kwanza. TB itapimwa, saratani itapimwa, kuvu itapimwa. Yatakayobaki utayapata. Lakini utayalinganisha na nani? Mswidi mwenye afya hakufai.

MWANAMAABARA: Nahitaji watu wa hapahapa. Waliofanya kazi godauni moja na mgonjwa, wenye Mantoux chanya, wazima, na HLA zinazokaribiana na zake. Kisha wagonjwa wa TB iliyothibitishwa, nao kando.

SISTA: Mtu mzima wa afya akubali kuingizwa mrija mapafuni akaoshwe? Kwa nauli ya matatu?

KARANI: Mimi nakubali. Vumbi la Shimanzi lote limo humu ndani, chai, ngano, klinka. Mkiliosha mtapata historia ya bandari.

DAKTARI: Wewe hufai, Mzee. Mvutaji sigara mapafu yake yamejaa seli za aina nyingine, yataharibu hesabu.

KARANI: Niliacha!

SISTA: Lini? Na hiyo pakiti iliyochomoza mfukoni ni ya nani?

DAKTARI: Tutafutieni karani mwingine. Asiyevuta. Na wewe dada, kabla ya karani, nitafutie barua ya kamati ya maadili.